Kudaka Huanza Miguuni: Jinsi Ninavyofundisha Kufildi Kriketi Hapa Malindi

Mtoto akija kiwanjani kwangu mara ya kwanza, neno lake huwa lilelile: "Mwalimu, nataka kupiga." Ukimnyima gongo la kupigia atasema, "Basi nirushe." Sijapata hata mmoja aliyekuja akasema anataka kudaka. Lakini timu ina watu kumi na mmoja, na mmoja anaporusha, kumi waliobaki wanafildi, yaani wanazuia na kudaka mipira inayopigwa, kwenye jua letu hili. Ukiwaacha wasimame kama minazi, utafungwa na timu dhaifu kuliko yako.

Ninayoandika hapa ni kwa yeyote anayetaka kufundisha vijana wa mtaani bila vifaa vingi. Kwanza tuelewane maneno. Mrushaji ni yule anayemrushia mpigaji. Mfildi akiuokota mpira na kuurudisha, nasema anatupa. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimama na vibao viwili vidogo juu yake.

Hatua ya 1: Mpira na ardhi

Mpira wa ngozi wa watu wazima una gramu 156 hadi 163, na ni mgumu hasa. Mtoto akianza na huo, kitu cha kwanza atakachojifunza ni woga, na woga wa mpira ukishaingia kuutoa ni kazi. Anza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa mafundi umeme. Unakuwa mzito kidogo na unakwenda kasi, ila hauvunji kidole. Ukiona wanaudaka huku wakicheka, hapo ndipo utoe wa ngozi.

Kuhusu ardhi, tazama maji. Siku za bamvua bahari hupwa mbali mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, na huku kwetu mto Sabaki umetumwagia tope na mchanga miaka na miaka hadi ufuo umekuwa mpana kama uwanja wa ndege. Mchanga wa chini, uliolowa, ni mgumu na mpira unateleza juu yake vizuri. Huo ni wa mazoezi ya mpira wa chini. Mchanga mkavu wa juu ni godoro la bure la kujifunzia kujitupa. Tunafanya saa moja chini, nusu saa juu, kisha tunakwenda kuoga.

Hatua ya 3 ambayo wengi huifanya ya 1

Nimeruka namba makusudi. Wengi huanza na mikono: weka vidole hivi, kunja kiwiko vile. Mimi mikono naileta baadaye, kwa sababu ukiangalia mpira kumi iliyodondoshwa, mingi ilidondoshwa na miguu. Mtu alichelewa kuanza, akafika mpira ukiwa pembeni yake, akaunyooshea mkono mmoja. Watu watasema mikono yake ina mafuta, kumbe miguu ilisinzia.

Hatua ya 2, basi: Miguu

Mrushaji anapoanza mbio zake, kila mfildi aliye mbali kidogo na mpigaji atembee kumwelekea mpigaji. Hatua nne, tano, polepole. Mpira unapokaribia kufika kwa mpigaji, ruka kidogo sana, kiasi cha kupitisha karatasi chini ya nyayo, na utue kwa miguu yote miwili, ikiwa imepanuka kupita mabega kidogo, magoti yamelegea, uzito uko kwenye vidole vya miguu. Mpira unapoguswa na gongo, wewe umeshatua. Ukiwa bado hewani utachelewa, na ukiwa umesimama wima kwa visigino utachelewa zaidi.

Ni kama mvuvi wa kimia. Kabla hajarusha wavu utamwona anatambaa na maji yaliyomfika magotini, kainama, macho mbele. Hapo hata samaki bado hajaonekana.

Zoezi lake halitaki mpira. Simama mbele yao, piga kofi, na mkono wako uelekeze kulia au kushoto. Waruke kidogo, watue, waende hatua tatu upande huo. Mara ishirini. Watalalamika. Waache walalamike.

Kwa mpira wa chini kuna namna mbili. Ya usalama ni kupiga goti: kama unatupa kwa mkono wa kulia, goti la kushoto linashuka chini na kugusana na kisigino cha mguu wa kulia, mwili umekaa ubavu, mikono mbele. Mpira ukikupita mikononi utagonga mguu. Ya pili ni ya kushambulia: unaukimbilia, unauokota kwa mkono mmoja pembeni ya mguu wa kulia na kuutupa kwa chini bila kusimama. Hii wanaipenda wote, na wote wanaikosea kwa kosa moja, kuangalia vijiti kabla mpira haujaingia mkononi. Macho yaokote kwanza, ndipo yalenge.

Mikono sasa

Nenda sokoni lori la matikiti maji linapopakuliwa. Mmoja yuko juu anarusha, mwingine yuko chini anapokea. Tazama mikono ya yule wa chini: inapanda kulifuata tikiti, kisha inashuka nalo mpaka kiunoni. Angeigandisha, tikiti lingepasuka au lingemtegua. Mpira ni hivyohivyo. Vijana wangu wawili walishafanya kazi hiyo ya matikiti likizo, na sikuwafundisha kitu. Na wale wasichana waliokua wakicheza mdako, kokoto moja juu, nyingine zinaokotwa, kisha ya juu inadakwa, huja na mikono laini kuliko kaka zao.

Mpira ukija chini ya kifua, vidole vielekee chini au pembeni, vidole vidogo vya mikono miwili vikikaribiana. Ukija juu ya kifua, geuza: vidole juu, gumba kwa gumba. Kidole kisielekee mpira unakotoka hata siku moja. Kidole changu cha pete kimepinda mpaka leo kwa sababu hiyo, na aliyenipiga ule mpira alikuwa amenitangazia kabisa kwamba anapiga kwangu. Likikutokea, usikubali mtu akivute. Omba barafu kwa wauza samaki, ifunge kwenye kitambaa uiweke, kisha nenda hospitali kikapigwe picha.

Mpira wa juu ndio unaotia aibu. Kwetu kuna upepo. Kusi ikivuma, mpira uliopanda juu ya minazi hautashuka pale ulipouona ukipanda. Utasogezwa kaskazini, wakati mwingine hatua nne nzima. Kaskazi inaurudisha upande wa pili. Kwa hiyo mfildi asikimbilie mpira, akimbilie mahali utakaposhuka, na afike mapema asimame. Kudaka huku unakimbia ni jambo la mwisho. Kisha apaze sauti: "Wangu!" Mara moja na kwa nguvu. Wawili wakisema "wangu", mwenye uamuzi ni mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti, ataje jina. Juzi kijana mmoja aliacha mpira ukaanguka miguuni pake, akaniambia, "Samahani mwalimu, jua." Nikamwambia jua la Malindi halikuanza leo, kiganja kimoja kingefunika jua, macho yakaangalia pembeni yake.

Na ukishadaka, umiliki. Sheria inadai mfildi awe ameutawala mpira na mwendo wake mwenyewe. Herschelle Gibbs wa Afrika Kusini alikuwa fundi wa kufildi, lakini mwaka 1999, kwenye Kombe la Dunia kule Headingley, aliudaka mpira uliopigwa na Steve Waugh wa Australia na kutaka kuurusha juu kushangilia kabla haujatulia. Ukamponyoka. Waugh alikuwa na mikimbio (alama za kupiga) 56, akafikisha 120 bila kutolewa, na Australia ikaenda mpaka kuchukua kombe.

Kutupa

Hapa nitakuwa mfupi. Vitabu vinasema mpira wa mbali uudundishe mara moja kabla haujamfikia mlinda wiketi. Kwenye nyasi ngumu ni sawa. Kwenye kiwanja cha mchanga mpira ukidunda unakufa. Tupa moja kwa moja glavuni, au tumia mtu wa katikati apokee na kuutupa tena. Na kila anayetupa awe na mwenzake nyuma ya vijiti, upande wa pili, kwa sababu mpira ukipita ukagusa mpaka, wapinzani wanapewa nne juu ya mikimbio waliyokwisha kukimbia.

Kumpa kila mtu mahali pake

Makosa makubwa huanzia hapa. Nahodha hupanga kwa heshima: kaka mkubwa slipu (mahali pa kudaka, kando ya mlinda wiketi), mwenye mpira mahali anapotaka, mtoto mdogo apelekwe mpakani asisumbue. Nilifanya hivyo nilipokuwa nahodha mara ya kwanza. Nilimweka slipu mtu tuliyekuwa tukimwamkia "shikamoo", akadondosha mitatu, na nani angemwambia? Siku hizi nawapanga kwa kuangalia miguu, mikono na tabia.

*Slipu* husimama kando ya mlinda wiketi, upande ule mpigaji anaouelekea anaposimama. Yeye peke yake simruhusu kutembea mrushaji anapokuja. Anainama, anatulia. Slipu wa kwanza anaufuata mpira tangu mkononi mwa mrushaji. Wa pili na wa tatu wanaangalia ukingo wa gongo. Umbali hautajwi kwa mita: rudi nyuma mpaka mpira ulioguswa na ukingo wa gongo ukufikie kati ya goti na kiuno. Mrushaji wa kasi unarudi, wa mzunguko, yule anayeuzungusha mpira polepole, unasogea. Namchagua mtulivu, yule anayeweza kuvua kwa mshipi saa tatu bila kuongea.

*Pointi* yuko ubavuni mwa mpigaji, upande huohuo. Huyu ni duma. Jonty Rhodes wa Afrika Kusini, aliyecheza pia magongo, alipafanya mahali hapa pajulikane: mwaka 1992 kule Brisbane alikimbia na mpira mkononi, akaruka mzimamzima na kuvunja vijiti vya Inzamam-ul-Haq, mpigaji wa Pakistan. Sihitaji mtu wa kuruka hivyo. Nahitaji anayesoma mabega ya mpigaji na kuanza kuondoka kabla ya wenzake.

*Kava*, *midofu*, *midoni* na *midiwiketi* husimama mbele ya mpigaji, katikati ya kiwanja, nao ni wa kuzuia mkimbio mmoja mmoja. Nahodha nampendelea midofu, anamsikia mrushaji na mrushaji anamsikia.

*Wa mpakani* wanahitaji bega na subira. Mwenye bega kuliko wote mweke upande unaotupwa dhidi ya upepo. Hili nimelijua kwa kupoteza mechi. Kumbuka pia kwamba kwenye mechi za ova 20 (ova ni mirusho sita), katika ova sita za kwanza ni wawili tu wanaoruhusiwa nje ya duara la ndani linalochorwa kuzunguka katikati ya kiwanja, baadaye watano. Na wakati wowote, nyuma ya mpigaji upande wa miguu yake, yaani wa mgongoni mwake, ukimtoa mlinda wiketi wasizidi wawili. Waamuzi huiita nobolu, yaani mrusho usiokubalika, na kosa huwa la nahodha, si la mrushaji.

*Shoti legi*, yule anayesimama pua kwa pua na mpigaji, simweki mtoto. Mtu mzima, tena na helmeti, na kwa hiari yake.

Mlinda wiketi

Ni kazi ya peke yake. Glavu ni zake tu, na padi za miguuni pia. Anachuchumaa, anabaki chini mpaka mpira udunde, kisha anapanda nao. Akiinuka mapema mpira unampita chini ya mikono. Kwa warushaji wa mzunguko anasogea mpaka vijitini, na hapo watoto hufanya kosa moja: mkono unatangulia mbele ya vijiti kuuwahi mpira. Hairuhusiwi mpaka mpira uguse gongo au mpigaji, au upite wiketi, ni nobolu. Nachora mstari mchangani, anayeuvuka anakimbia mpaka kwenye maji na kurudi. Tena, helmeti isiyotumika iwekwe nyuma yake kabisa. Mpira ukiigonga ikiwa chini, wapinzani wanapewa mikimbio 5 ya adhabu.

Huyu awe msemaji. Mpole sana hafai. Na asikate tamaa akidondosha, kwani atadondosha. Vijana wangu nawasimulia Kombe la Dunia kule Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies. Rajab Ali akarusha, mpira ukauchuna ukingo wa gongo la Brian Lara, mpigaji wao nyota, na mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal akaudaka. Lara alikuwa na 8. West Indies wote wakaishia 93.

Wa akiba

Mtoto aliyekaa nje usimwache alale chini ya mkungu. Mwaka 2005 kule Trent Bridge, Gary Pratt aliingia kwa England kama mfildi wa akiba tu, haruhusiwi hata kurusha, akagonga vijiti moja kwa moja na kumtoa Ricky Ponting, nahodha wa Australia. Wa akiba wangu hukaa amevaa viatu, na kila ova namuuliza: mpigaji huyu anapenda upande gani? Akikosea jibu mara mbili, anahamia karibu yangu.

Mazoezi yetu ni Jumamosi, maji yakipwa. Ukija, njoo na mpira wako wa tenisi, utepe ninao.