Raigrasi imekataa kufa kwa dawa? Fanya hivi kabla hujanunua chupa nyingine

Umenyunyiza ngano dawa ya magugu, umengoja wiki tatu, oti mwitu imekauka yote lakini raigrasi, gugu la jamii ya nyasi, bado imesimama kijani kibichi kama vile ulikuwa unaimwagilia maji. Najua inavyouma hasa ukikumbuka bei ya ile chupa, lakini tafadhali usirudi agroveti kuongeza nguvu ya dawa, ngoja kwanza.

Hakikisha ni raigrasi kweli. Ng'oa shina moja uangalie pale chini karibu na mizizi, utaona wekundu wa kuelekea zambarau, halafu geuza jani, upande wa chini unang'aa kama umepakwa mafuta. Ndiyo hiyo.

Sasa jiulize kama kosa ni la unyunyizaji. Noza, ile ncha ya pampu inayotoa dawa, ikiziba utaona mstari mzima haujaguswa. Gugu likishakua kubwa dawa inalishinda kwa shida, mvua ikinyesha mapema inaosha dawa, na kama ni glaifoseti ya kusafisha shamba kabla ya kupanda na umechota maji ya mtoni yenye matope, basi udongo umeishika dawa na kazi imeishia ndani ya pampu. Usugu, yaani gugu lenyewe kuistahimili dawa, una sura nyingine: mimea miwili ya raigrasi imeota karibu hivi, upana wa kiganja tu, mmoja umekufa kabisa na mwenzake anachipua upya, na mwaka jana hapo hapo palikuwa na kiraka kidogo, mwaka huu kimekuwa kama uwanja wa mpira.

Ukitaka kuwa na uhakika fanya jaribio, halina gharama. Kusanya mbegu za ile iliyobaki hai, zikae pakavu miezi michache maana zikiwa mpya nyingi hulala bila kuota, halafu kata jerikeni kuukuu mbili ujaze udongo, uzipande humo. Jerikeni ya tatu panda raigrasi ya kutoka mahali ambapo dawa haijawahi kufika. Zikiwa na majani mawili matatu nyunyiza ile ya tatu pamoja na moja ya zile mbili, kwa kipimo cha lebo, nyingine iache bila dawa uwe na ya kulinganisha. Baada ya siku 21 kama ya tatu imekufa na yako iko hai basi jibu unalo.

Kitu ambacho wengi tunakosea ni kudhani gugu limeizoea dawa. Hapana, kwenye mamilioni ya mimea kulikuwa na michache iliyozaliwa ikiiweza, sisi tukaua wenzake wote tukaiachia shamba. Na raigrasi huchavushana kwa upepo, kwa hiyo tabia hiyo inasafiri. Na kubadilisha jina la chupa peke yake hakusaidii. Soma lebo, utakuta clodinafop, fenoxaprop au pinoxaden, majina matatu lakini zote zinaua kwa njia moja, ni kundi namba 1. Muulize wa agroveti namba ya kundi, akishindwa kukuambia nenda duka lingine. Na usipunguze kipimo eti ubane matumizi, kipimo hafifu kinaacha hai ile mimea yenye usugu nusunusu, inazaliana yenyewe kwa yenyewe na usugu unapanda kila msimu.

Wakulima wa ngano wa Australia walipita hapa kabla yetu, kule ndiko raigrasi inayostahimili glaifoseti iliporipotiwa mwaka 1996, na somo lao kubwa ni kuwinda mbegu, maana raigrasi hubaki na mbegu nyingi kwenye suke hadi siku ya kuvuna. Kombaini inazila halafu inazitawanya kwa makapi shamba zima. Mkulima mmoja wa huko, Ray Harrington, alitengeneza mtambo wa kuzisaga zikitoka tu. Sisi mtambo huo hatuna, lakini makapi tunaweza kuyakusanya kwenye mstari mwembamba nyuma ya kombaini badala ya kuyarusha. Ukiwapa ng'ombe, samadi ioze vizuri kwanza kabla ya kuirudisha shambani, mbegu nyingine hupita tumboni nzima.

Mvua za kwanza zikinyesha usikimbilie kupanda. Lainisha udongo juu juu, acha raigrasi iote, uiue kwa kupitisha jembe kidogo tu, ndipo upande bila kufukua tena. Halafu panda mistari ya karibu ngano ifunike ardhi mapema. Msimu unaofuata usirudie ngano, weka maharage au viazi ambavyo unaweza kupalilia katikati kwa jembe. Mbegu ya raigrasi haidumu sana ardhini, ukiizuia kuzaa miaka mitatu minne mfululizo akiba inapungua sana, na hapa ndipo watu wengi huchoka mwaka wa pili wakaacha, inanisikitisha kweli kwa sababu walikuwa karibu kufika.

Kombaini ya kukodi lazima isafishwe kabla haijaingia kwako, hata kama dereva ananung'unika kwamba ana wateja wanamngoja, fungua ile milango ya pembeni uone mbegu zilivyojaa. Na ile mimea michache ya pembezoni ing'oe kabla haijatoa mbegu, itie kwenye gunia, usiirushe barabarani.