Kabla hujanunua mashine ndogo ya kukereza chuma

Usihangaike sana na urefu. Kazi nyingi za nyumbani ni fupi, bushi na pini tu, kwa hiyo milimita 300 kati ya senta, yaani ncha mbili zinazoshika kipande kinachokerezwa, zinatosha. Angalia uzito na tundu la spindo, mhimili unaozungusha kipande. Mashine ya mezani inayozungusha kipenyo cha milimita 180 huwa na kilo 40 hivi na tundu la milimita 20. Fimbo nene zaidi haipiti. Chuma itakikata, ila kwa kina kidogo, la sivyo itatetema na kuacha mawimbi.

Ya mtumba iliyo nzito naipenda kuliko mpya nyepesi, mradi kitanda, yaani reli ambazo gari la kisu huteleza juu yake, hakijalika. Ipime hivi: gari la kisu likiwa karibu na chaki (kishikio cha taya kinachobana kipande), kaza skrubu zake mpaka lisichezecheze, kisha lisukume hadi mwisho wa pili. Likikaza huko, kitanda kimelika upande wa chaki, ambako kazi nyingi hufanyika. Omba punguzo kubwa au ondoka. Tazama na kibati cha maelezo ya mota pia. Nyingi za viwandani ni za umeme wa fezi tatu, na nyumbani huenda una moja tu.

Bakiza pesa za visu na chaki ya taya nne. Mara nyingi haviji na mashine.