Koti la kuvalia kilti kazini

Kama uko Edinburgh au Glasgow na unataka kwenda na kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, kwenye mkutano au usaili, usichukue tu koti la suti yako ya kawaida. Kilti hufungwa juu, usawa wa kitovu, si chini kama suruali. Koti la suti limekatwa lifunike makalio, kwa hiyo litameza sehemu kubwa ya marinda ya nyuma na kuficha sporani, kile kifuko kinachoning'inia mbele. Hata kilti ya bei kali itaonekana kama ya kuazima.

Tafuta koti la Argyll. Ni fupi, na pindo lake la mbele limekatwa kwa kupinda ili sporani ionekane. Kwa ofisi, chagua la sufu ya kijivu iliyokoza au twidi (kitambaa kizito cha sufu) isiyo na miraba mikubwa, maana tartani, yaani kitambaa cha miraba cha kilti yenyewe, ina rangi za kutosha. Mimi napenda vifungo vya pembe kuliko vya chuma vinavyong'aa. Mchana vinatulia zaidi. Vaa tai ya rangi moja na sporani ya ngozi tupu, ya manyoya iache kwa karamu. Koti la Prince Charlie, lile lenye kola ya satini, nalo ni la usiku, pamoja na tai ya kipepeo.

Unapojaribu dukani, vaa kilti yenyewe. Funga kifungo, nyoosha mikono mbele, kisha lainisha marinda kwa kiganja na uketi. Koti likikunjamana juu ya marinda, ni refu mno; omba jingine.