Namna ya kubishana kuhusu Modi bila kubebwa na upepo

Kama umewahi kuishi hosteli moja na Wahindi, iwe Pune iwe Bangalore, au mmepanga chumba kimoja kule Sharjah, unajua likitajwa jina la Modi, waziri mkuu wao, mezani chapati zinapoa. Mmoja anakwambia India imezaliwa upya mwaka 2014, mwingine anakwambia nchi imeuzwa, wote wawili wana namba mkononi, na wewe umekaa katikati hujui umshike nani. Mie nimekaa hapo katikati miaka mitatu nikisoma Pune, na mpaka leo siasa zao nazifuatilia kila asubuhi, kwahiyo haya ni kwa mtu anayetaka kuyaelewa mabishano yale na kuingia kwa miguu yake mwenyewe.

Anza na matusi kabla ya takwimu, manake matusi ndio yanakuonyesha mtu amekaa wapi. Bhakt maana yake ni mcha Mungu, muumini, ila wapinzani wanamwita hivyo shabiki wa Modi asiyesikia la mtu. Godi media: godi ni mapaja, yani vyombo vya habari vilivyopakatwa na serikali, na neno limetengenezwa lifanane na jina la Modi. Upande wa pili nao wanamwita Rahul Gandhi, kiongozi wa chama cha upinzani cha Congress, Pappu, kitoto kisichojua dunia inaendaje, na mwanafunzi au mwandishi anayeikosoa serikali anaambiwa adui wa taifa. Ukisikia mojawapo kwenye sentensi ya kwanza, sentensi hiyo iache ipite, subiri ya pili.

Halafu jua hesabu zao. Wanaposema lakh ni laki yetu hii hii, ndugu mmoja. Krori ni milioni 10. Ukisikia chakula cha bure kinawafikia watu 80 krori, hiyo ni milioni 800, na nimeona watu wetu wanakosea hapa halafu wanabishana usiku kucha juu ya namba isiyokuwepo.

Sasa kazi yenyewe. Lile swali la Modi amefanya vizuri au vibaya lipige chini mapema kabisa, halijibiki, jamaa yuko madarakani tangu Mei 2014. Mwambie mwenzako achague kitu kimoja. Akishachagua muulize matatu: unaanza kuhesabu mwaka gani, nani kahesabu, na aliyehesabiwa ni nani. Nikupe mfano wa vyoo kwasababu ndio ulinifungua macho. Tarehe 2 Oktoba 2014 Modi alianzisha kampeni ya usafi, na tarehe 2 Oktoba 2019, siku ya miaka 150 ya kuzaliwa kwa Gandhi, akatangaza kwamba vijijini India watu wameacha kujisaidia nje. Mashabiki wake wanasimamia hapo. Wapinzani wanaleta utafiti wa afya ya familia uliofanywa na serikali hiyo hiyo kati ya 2019 na 2021, ambao ulikuta asilimia 19 ya kaya bado hazitumii choo chochote. Basi tangazo lilizidi ukweli? Lilizidi, ndio. Lakini fungua utafiti uliotangulia, wa 2015 na 2016, utakuta ilikuwa asilimia 39. Kutoka 39 mpaka 19 kwa miaka kama mitano kwenye nchi ile ni kazi kubwa mno, na mtu akikunyima mojawapo ya hizo namba mbili anakuficha kitu.

Ajira ni hivyo hivyo, ila hapa swali la nani kahesabiwa ndio linabeba kila kitu. Kabla ya uchaguzi wa 2019 ilivuja ripoti ya serikali iliyosema ukosefu wa ajira umefika asilimia 6.1, ikaandikwa kwamba ni kubwa kuliko miaka 45 iliyopita, serikali ikaja kuitoa rasmi uchaguzi ukishapita. Ripoti ya mwaka 2023-24 ikasema 3.2. Shabiki anapiga makofi, imeshuka karibu nusu! Tulia kwanza. Kwa kipimo kile kijana anayeshinda dukani kwa baba yake bila mshahara, au dada anayepalilia shamba la familia, anahesabiwa ana kazi. Na katika miaka hiyo hiyo waliojiajiri wakiwemo hao wasaidizi wasiolipwa wamepanda kutoka kama asilimia 52 ya wafanyakazi wote mpaka kama 58. Mimi kwa hapa naona wapinzani wana hoja nzito, manake mtu amekosa kazi mjini akarudi kulima na kaka zake, kitabuni anaonekana ameajiriwa. Sio uongo wa namba, kipimo ndicho kilivyo, tena hata kabla ya Modi mtu wa hivyo alihesabiwa ana kazi.

Chakula cha bure kina utamu wake kwasababu pande zote mbili wanatumia namba moja ile ile. Kilo 5 za nafaka kwa mtu kwa mwezi, watu milioni 800. BJP, chama cha Modi, wanasema nani mwingine amewahi kulisha watu wote hao, Congress wanajibu kama uchumi ni mzuri hivyo mbona watu milioni 800 wanahitaji kulishwa. Hapo ingiza swali la nani alianza. Sheria ya haki ya chakula ilipitishwa 2013 wakati wa Manmohan Singh, waziri mkuu wa Congress aliyemtangulia Modi, mtu alikuwa ananunua kwa rupia mbili tatu kwa kilo, Modi akaongeza mgao wa bure wakati wa korona 2020, na kuanzia Januari 2023 ule wa kwenye sheria wenyewe ukawa bure kabisa. Vitambulisho vya Aadhaar pia vimeanza kwa Manmohan, na Modi akiwa waziri kiongozi wa Gujarat alivikosoa, alipoingia Delhi, yani serikali kuu, akavibeba akavifungamanisha na akaunti za benki na misaada. Kwahiyo ukisikia mtu anasema kabla ya 2014 hakukuwa na kitu, au anasema Modi kaiba kila kitu cha Congress, jua wote wamekata filamu katikati.

Ahadi nazo zina namna yake ya kuzishika. Kila mwaka lazima mtu aulize laki zangu 15 ziko wapi. Novemba 2013 huko Chhattisgarh, akiwa kwenye kampeni, Modi alisema pesa chafu zilizofichwa nje zikirudishwa zote kila Mhindi maskini angepata laki 15 mpaka 20 za rupia hivi hivi tu. Shabiki anasema hakuahidi, alikuwa anaonyesha ukubwa wa wizi. Mpinzani anasema aliahidi. Nenda usikilize hotuba yenyewe, usisome ya kusimuliwa: alisema kwa sharti, kama zikirudi, lakini alisema mbele ya watu maskini kwenye kampeni, na alijua wanasikia nini. Mwaka 2015 Amit Shah, mkono wake wa kulia, akaulizwa akasema ile ilikuwa jumla. Na hapa Mswahili anatega sikio, manake neno limetoka Kiarabu kama letu, ila kwetu jumla ni hesabu nzima na kwao ni sentensi, kauli tu ya kusemwa. Tangu siku hiyo kila ahadi isiyotimia India inaitwa jumla.

Kuhusu zile noti zilizofutwa ghafla nilikuwepo kwa hiyo nitakaa kidogo. Tarehe 8 Novemba 2016 saa mbili usiku tulikuwa tumejazana kwenye chumba chenye runinga, Modi akatangaza kwamba noti za 500 na 1000 mwisho wake ni usiku ule, na hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya pesa zote mitaani. Benki zilipofunguliwa tarehe 10 foleni ilizunguka mtaa. Mashine za ATM nyingi hazitoi kitu, manake noti mpya ya 2000 ya rangi ya waridi ilikuwa na saizi nyingine na trei za mashine zilibidi zirekebishwe moja moja. Mbele yangu alisimama mzee mmoja ana noti za 500 amezifunga kwenye leso, kijana nyuma yake anamwambia, "Anko vumilia, leo matajiri hawajalala." Mzee akamjibu bila kugeuka, "Mwanangu, hao matajiri mbona siwaoni kwenye foleni?" Foleni nzima ikagawanyika pale pale, nusu wanacheka na kijana nusu wanamtetea mzee, na wote jua linawachoma sawasawa.

Mwisho wa siku benki kuu yao ilihesabu ikakuta asilimia 99.3 ya noti zile zimerudi benki. Lengo lilitangazwa kuwa ni kuziua pesa chafu, ikitarajiwa wenye nazo wataogopa kuzipeleka benki, na pesa karibu zote zimerudi, kwahiyo kwa kipimo chake chenyewe zoezi lile limeshindwa, hapo sitafuni maneno. Lakini kama unataka kuelewa siasa za India kumbuka na hili, Machi 2017, miezi minne tu baada ya foleni zile, BJP ilishinda Uttar Pradesh viti 312 kati ya 403. Yule kijana alikuwa anasema kitu ambacho mamilioni walikiamini, kwamba maumivu yangu madogo, ya tajiri makubwa. Ukimwita mjinga umepoteza nafasi ya kuelewa kwanini Modi anashinda.

Kingine ambacho watu wetu hawakiangalii: India ni shirikisho. Polisi na usalama wa ndani ni kazi ya jimbo, hospitali pia. Hospitali ya wilaya ikiwa mbovu Kerala au Rajasthan uliza kwanza nani anatawala jimbo. Mashabiki wanapenda kuyarushia majimbo lawama, wapinzani wanapenda kuirushia Delhi. Ila kuna mahali kinga hiyo haifanyi kazi, na hapo ni Manipur, jimbo la kaskazini mashariki. Vurugu za makabila mawili ya kule, Wameitei na Wakuki, zilianza tarehe 3 Mei 2023, watu zaidi ya 250 wameuawa, makumi ya maelfu wamekimbia nyumba zao, na wakati huo jimbo lilikuwa la BJP na Delhi ni ya BJP, ile wanayoiita serikali ya injini mbili. Modi alikaa zaidi ya miezi miwili hajalizungumza hadharani, na kukanyaga kule amekanyaga Septemba 2025. Mtu akikwambia hili ni suala la jimbo muulize injini ya pili ilikuwa wapi. Nimewauliza mashabiki wengi wa Modi, watu wenye akili na roho nzuri, na sijapata jibu.

Yapo pia mambo ambayo namba haziwezi kukusaidia, usijaribu. Kufutwa kwa hadhi ya pekee ya Kashmir Agosti 2019, sheria ya uraia ya Desemba 2019 inayowarahisishia wakimbizi wasio Waislamu, hekalu la Ram lililojengwa palipobomolewa msikiti na kuzinduliwa Ayodhya tarehe 22 Januari 2024. Kwa Mhindu wa BJP hizo ni ahadi za miongo zilizotimizwa na mtu aliyethubutu, kwa Mwislamu, na wao ni kama asilimia 14 ya nchi, ni ujumbe kwamba nyumba ni ya mwingine na yeye ni mpangaji. Hapo sikiliza. Uliza mtu alikuwa wapi siku ile na alijisikiaje, utapata zaidi kuliko grafu yoyote.

Angalia pia mtu katokea wapi. Sisi Afrika Mashariki Wahindi tuliokua nao Kariakoo, Mombasa na Kampala asili yao wengi ni Gujarat, Kutch ikiwemo, jimbo ambalo Modi aliliongoza kuanzia 2001 mpaka 2014, kwahiyo picha tunayoipata imeegemea upande mmoja wa nchi, hata kama wenyewe hawakubaliani, na wengi hawakubaliani kabisa, hasa likitajwa la mauaji ya 2002 kule Gujarat, ambako wengi waliouawa walikuwa Waislamu. Ukienda Muscat ukakaa na mtu wa Kerala utadhani anaongelea nchi nyingine, BJP imepata kiti chake cha kwanza cha ubunge wa taifa kule mwaka 2024. Na Wakenya wengi wameingilia mlango wa Adani, tajiri wa Gujarat anayetajwa kuwa karibu na Modi, baada ya lile sakata la kampuni yake kutaka kuendesha uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi, mpango ambao Ruto aliufuta Novemba 2024. Sawa, ila kwa Wahindi Adani ni ugomvi wa zamani, usidhani umewaletea habari.

Na rula iwe moja. Ukimkosoa Modi kwa kubana vyombo vya habari, na kuna mengi ya kukosoa, uwe tayari mtu akuletee hali ya hatari ya Indira Gandhi, waziri mkuu wa Congress, ya 1975 mpaka 1977, na mauaji ya Masingasinga 1984 chini ya Congress. Usiyakwepe, yakubali halafu rudi kwenye hoja yako, manake dhambi ya jirani haijawahi kumsafisha mtu.

Mtu akikuletea uchaguzi kama ushahidi mwambie auweke wote mezani: viti 282 mwaka 2014, 303 mwaka 2019, 240 mwaka 2024, na wingi ni 272. Kwahiyo sasa anatawala kwa kushikwa mkono na viongozi wa vyama vidogo vya majimbo, kina Naidu na Nitish Kumar. Hata jimbo la uchaguzi lenye Ayodhya yenyewe BJP walilipoteza, miezi michache baada ya hekalu.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla hujatuma chochote. Sensa ya mwisho ya India ni ya 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa na imepangwa 2027, kwahiyo asilimia nyingi utakazoletewa, za Modi na za wapinzani wake, chini yake kuna makadirio yaliyojengwa juu ya hesabu ya watu wa mwaka 2011. Uliza hilo nalo.