Kibali cha ukaazi China kwa mwanafunzi: kuanzia viza ya X1 hadi kuongeza muda

Viza ya X1 uliyobandikiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala haikupi ruhusa ya kukaa China mwaka mzima. Inakuvusha mpaka mara moja tu, kisha inakuachia siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, juliuzheng, kwenye ofisi ya uhamiaji ya polisi (wengi wanaiita PSB) ya mji unaosoma. Sheria inayosimamia mambo haya ilianza kutumika Julai 1, 2013, na masharti yake si magumu. Wanaokwama hukwama kwenye mpangilio: karatasi moja inasubiri nyingine, na siku zinahesabiwa tangu ule muhuri wa uwanja wa ndege ambao hakuna aliyeutazama mara mbili.

Hatua ya 1: Isome viza yako

Kwenye stika tazama vitu vinne. Aina: X1 ni ya masomo yanayozidi siku 180, X2 ni ya siku 180 kushuka chini. Idadi ya kuingia: X1 kwa kawaida huwa 01. Tarehe ya mwisho ya kuingia: hiyo ni ya kuvukia mpaka tu, haihusiani na siku za kukaa. Siku za kukaa: X1 huandikwa 000. Sifuri hizo si kosa la ubalozi. Siku zako zitatoka kwenye kibali, hazitoki kwenye stika. Mwenye X2 anaandikiwa siku zake pale pale na haombi kibali, isipokuwa kujiandikisha makazi (hatua ya 3) kunamhusu kama wengine.

Kwa kuwa umeruhusiwa kuingia mara moja, usitoke China bara kabla kibali hakijatoka. Hong Kong na Macau zinahesabika kuwa ni kutoka. Hong Kong inawapokea Watanzania na Wakenya bila viza, na ndiyo maana mtego huu unawanasa watu wetu zaidi: wakati wa kwenda hakuna anayekuzuia, ila ukirudi mpakani Shenzhen viza imeshatumika na huna cha kuonyesha.

Hatua ya 2: Panga siku kwa kurudi nyuma

Tuseme umeingia Septemba 3. Siku 30 zinafika Oktoba 3. Lakini Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa na ofisi hufungwa siku kadhaa mfululizo, kwa kawaida hadi Oktoba 7. Kwa hiyo siku yako ya mwisho hasa ni Septemba 30. Sasa anza kutoa. Majibu ya vipimo vya afya huchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Barua ya chuo, siku mbili tatu, maana Septemba ofisi ya wanafunzi wa kigeni imejaa wageni wapya. Miadi ya PSB katika mji mkubwa inaweza kuwa wiki nzima mbele. Ukitoa na Jumamosi na Jumapili, utaona kwamba vipimo vinatakiwa vifanyike wiki ya kwanza, kabla hata ratiba ya masomo haijatulia.

Kinachotakiwa ndani ya siku 30 ni kuwasilisha maombi. Kibali chenyewe kinaweza kutoka baadaye. Hata hivyo usipange kuwasilisha siku ya 29, kwa sababu karatasi moja ikikataliwa huna siku ya kuirekebisha.

Hatua ya 3: Jiandikishe makazi ndani ya saa 24

Ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha yenyewe. Ukilala hosteli ya chuo, chuo kinafanya hivyo, lakini omba karatasi iliyochapwa. Kuambiwa "umeshaandikishwa" hakutakusaidia dirishani. Ukipanga nyumba mtaani, nenda mwenyewe kituo cha polisi cha eneo, paichusuo, na pasipoti, mkataba wa pango, kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba na kopi ya hati ya umiliki wa nyumba. Mwenye nyumba akikataa kutoa hizo kopi, usisaini mkataba. Huenda nyumba si yake, au hataki polisi wajue ana mpangaji, na kwa vyovyote vile mwenye shida utakuwa wewe. Miji mingine inaruhusu kujiandikisha kwa simu. Ukitumia njia hiyo, hifadhi na uchapishe uthibitisho.

Kabla hujaondoka kituoni soma kila herufi: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia, namba ya chumba. Karatasi yenye herufi moja iliyopotea itarudishwa PSB, nawe utaanza safari ya kurudi kituoni.

Uandikishaji huu haufanyiki mara moja ukaisha. Unarudiwa ukihama, ukipata pasipoti mpya, na kwa miji mingi hata ukirudi kutoka likizo nyumbani au kibali kipya kikitoka. Ukienda kulala kwa ndugu au rafiki mji mwingine, sheria inakutaka ujiandikishe huko pia. Kutojiandikisha kuna onyo na faini inayoweza kufika yuan 2,000.

Hatua ya 4: Vipimo vya afya

Vinafanyika kwenye kituo cha afya ya wasafiri wa kimataifa kilichoteuliwa, si hospitali yoyote. Beba pasipoti, picha tatu au nne za pasipoti, barua ya chuo ya kujiunga na fedha. Nenda asubuhi bila kula chochote; maji kidogo hayana tatizo. Watakupima damu (VVU na kaswende vikiwemo), picha ya eksirei ya kifua, moyo, macho na shinikizo la damu.

Kama ulipima nyumbani, fomu yako inaweza kuthibitishwa badala ya kurudia kila kitu, kwa masharti: haijapita miezi 6, kila kipengele kimejazwa, daktari amesaini, na umebeba majibu halisi ya maabara na ya eksirei. Kinachowaangusha wengi ni muhuri wa hospitali. Unatakiwa ugongwe juu ya picha, nusu ukiwa kwenye picha na nusu kwenye karatasi, ili ionekane kwamba picha haikubadilishwa. Ukigongwa chini ya ukurasa peke yake, fomu inakataliwa. Mwambie karani kabla hajashusha mkono.

Hatua ya 5: Kusanya karatasi

Utahitaji pasipoti na kopi za ukurasa wa picha, wa viza na wa muhuri wa kuingia. Barua ya kujiunga na chuo. Fomu ya kuombea viza ya masomo uliyotumiwa na chuo, yaani JW201 (ufadhili wa serikali ya China) au JW202 (wengine), halisi na kopi. Barua ya chuo kwa PSB yenye muhuri mwekundu. Cheti cha vipimo. Karatasi ya makazi. Fomu ya maombi. Na picha yenye mandhari meupe. Kwa miji mingi picha haitoshi kuwa nzuri tu: inapigwa kwenye studio au mashine iliyounganishwa na mfumo wa uhamiaji, nayo inatoka na risiti yenye namba. Picha ulizokuja nazo kutoka nyumbani zitafaa kwa vipimo, si kwa kibali.

JW halisi usiiache ubalozini wala usiiweke kwenye begi la kupakia chini ya ndege. Ikipotea, chuo kinalazimika kuomba nyingine, na siku zako 30 hazisimami kukusubiri.

Kuhusu majina. Watu wetu wengi wana majina matatu, na makosa huanzia kwenye maombi ya chuo: pasipoti ina majina matatu, JW ina mawili, au la babu limekaa mbele. Linalotawala ni mpangilio wa mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za <<<. Kila karatasi ifuate huo. Ukiona tofauti, chuo kiandike barua ya kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja, na uipate kabla ya kwenda dirishani. Jina likiingia vibaya kwenye kibali litakufuata benki, kwenye tiketi za treni na hadi kwenye cheti cha kuhitimu.

Hatua ya 6: Kabla hujaikabidhi pasipoti

PSB wanabaki na pasipoti wakati maombi yanashughulikiwa. Kwa hiyo sajili laini ya simu kwanza, maana duka la simu linataka pasipoti yenyewe mkononi. Jaribu na benki pia. Baadhi ya matawi hufungua akaunti kwa viza, mengine hudai kibali kwanza. Kama nyumbani kuna jambo linaloweza kukulazimisha kusafiri ghafla, waeleze chuo mapema, kwa sababu risiti ya PSB haikutoi nje ya nchi.

Hatua ya 7: Siku ya PSB

Unatakiwa kufika mwenyewe, kwani wanachukua alama za vidole. Chukua namba, subiri, kabidhi karatasi. Afisa anaweza kukuuliza unasoma nini na unaishi wapi. Jibu lifanane na fomu. Ukijibu mtaa tofauti na ulioandikwa, unarudishwa hatua ya 3.

Ada: kibali cha chini ya mwaka mmoja ni yuan 400, cha mwaka mmoja hadi mitatu 800, cha mitatu hadi mitano 1,000. Beba fedha taslimu ikiwa malipo ya simu hayajaunganishwa na kadi yako.

Utapewa risiti, huizhi. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na risiti inakuhalalishia kukaa wakati huo. Ipige picha, itunze, tembea nayo: wageni wenye umri wa miaka 16 na zaidi wanatakiwa kubeba hati zao, na kwa kipindi hiki hati yako ni hiyo. Wakikunyima kibali, uamuzi wao ni wa mwisho na hauna rufaa. Ndiyo sababu ya kuhangaika hivi na mihuri.

Pasipoti ikirudi, usiondoke dirishani kabla ya kusoma jina, namba ya pasipoti, sababu ya kukaa (iwe masomo) na tarehe ya mwisho. Kosa la mchapaji linarekebishwa kirahisi siku hiyo hiyo kuliko mwezi ujao. Kibali kikiwa hai, unatoka na kuingia China bila viza nyingine.

Kuongeza muda

Maombi ya kuongeza kibali yanatakiwa siku 30 kabla hakijaisha. Kikiisha Julai 15, mwisho wako ni Juni 15, na vyuo vingi havitoi barua kabla ada haijalipwa na mahudhurio hayajakaguliwa. Kama mfadhili wako hulipa kwa kuchelewa, zungumza na chuo Mei. Vibali vinavyoisha Februari vina balaa lake: Mwaka Mpya wa Kichina unafunga ofisi, na chuo kiko likizo wiki kadhaa.

Kibali hakiwezi kupita uhai wa pasipoti. Ikiwa pasipoti imebakiza miezi minane, usitarajie kibali cha mwaka. Anza kuifuatilia mpya ubalozini Beijing mapema. Ukiipata, peleka zote mbili PSB ndani ya siku 10.

Siku 10 hizo hizo zinahusu mabadiliko mengine ya yaliyoandikwa kwenye kibali. Ukihama chuo, omba cha zamani barua ya kuachia kabla hujaaga, kwani chuo kipya na PSB wataidai. Ukihitimu na unahitaji muda wa kufunga mizigo, omba hati ya kukaa kwa muda, tingliuzheng, yuan 160. Usitegemee tarehe iliyobaki kwenye kibali: chuo kinatoa taarifa kwamba umemaliza, na kibali cha masomo kinaweza kufutwa kabla ya tarehe hiyo.

Kwa viza zenye siku zilizoandikwa, kama X2, au M za wafanyabiashara wa Guangzhou na Yiwu, maombi ya nyongeza huwasilishwa siku 7 kabla ya kuisha. Jumla ya nyongeza haiwezi kuzidi siku ulizopewa mwanzo: uliyepewa 30 hupati zaidi ya 30 nyingine.

Kazi, vishoka na siku zilizopita

Kibali cha masomo si cha kazi. Kazi nje ya chuo inahitaji idhini ya chuo na kisha PSB waiandike kwenye kibali. Kufundisha watoto Kiingereza jioni kwa malipo ya mkononi, bila idhini hiyo, ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito kuna mahabusu siku 5 hadi 15. Kishoka anayekuahidi kibali kupitia kampuni usiyoijua anakuuzia kosa jingine juu ya hilo, na pasipoti yako iko kwake.

Ukigundua umepitisha siku, nenda PSB mwenyewe leo, ukiwa na mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikiwezekana. Sheria inaanza na onyo. Ikionekana ni zito, ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au mahabusu siku 5 hadi 15. Aliyejitokeza na siku mbili anazungumza kutoka mahali pazuri kuliko aliyekamatwa na wiki tatu. Usingoje kulimaliza uwanja wa ndege siku ya kuondoka: ukizuiliwa pale, tiketi inapotea na faini inabaki. Kwa swali lolote piga 12367, namba ya uhamiaji inayopokelewa saa 24 kwa Kichina na Kiingereza, na andika tarehe uliyopiga na ulichojibiwa.