Binti yenu amekamatwa Uarabuni? Anzeni hivi

Duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi liko Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka. Kabla ya duka nilikuwa kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, Riyadh. Ndiyo maana familia nyingi ambazo binti yao amekamatwa huko hupitia kwangu kabla ya kwenda kokote. Haya ndiyo ninayowaambia. Mengi yanahusu Saudia, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokwenda.

Kwanza kabisa, acheni kuuliza "kwani amefanya nini?" Baba wengi huanzia hapo, wajomba ndio usiseme, na siku mbili za maana hupotea kwa aibu na lawama. Mara nyingi hakuna alichoiba wala aliyempiga. Chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini wa huko, ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa kafili wake, yaani bosi aliyemwita. Akitoka kwenye nyumba ile, hata kama anakimbia kipigo au mshahara wa miezi ambao hajalipwa, bosi anaweza kumripoti kuwa ametoroka. Huko wanaita huruub. Ripoti hiyo ikishaingia, binti hana ukaazi halali, na askari akimkuta barabarani anambeba. Mhasibu akichoka na kazi anaandika barua ya kuacha. Kadama akichoka anaweza kulala kizuizini.

Mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti ili wafanyakazi wa kigeni waweze kubadilisha mwajiri bila ruhusa yake. Wa majumbani waliachwa nje. Sishangai. Kupika, kufua na kulea vimehesabiwa tangu zamani kuwa tabia ya mwanamke, siyo kazi, kwa hiyo sheria za kazi zikiandikwa zinaishia mlangoni mwa jikoni. Tusiwanyooshee Waarabu kidole peke yao: angalieni tunavyowalipa wasichana wa kazi hapa kwetu.

Siku hiyo hiyo, kusanyeni karatasi. Mama mmoja aliniletea mfuko wa nailoni, akaumwaga wote juu ya kaunta: fomu ya hospitali ya vipimo vya safari, picha ya studio binti akiwa amevaa hijabu ya kuazima, risiti za ajenti zisizo na muhuri, na nakala ya viza iliyofifia mpaka tarakimu hazisomeki. Niliishika ile nakala dirishani kwenye mwanga, yeye akiandika namba moja moja jinsi nilivyomsomea. Jina la kafili lilikuwa pale pale chini, kwa Kiarabu, na hakuna aliyejua kwamba wanalo. Kwa hiyo msitupe kitu. Mnachotafuta ni namba ya paspoti, jina kamili kama lilivyo kwenye paspoti (siyo la nyumbani), jina na simu ya bosi, jina la maktab (ofisi ya ajenti wa huko) iliyompokea, na namba ya iqama, yaani kitambulisho cha ukaazi. Iqama ina tarakimu 10, na ya mgeni huanza na 2. Kama mkataba ulipitia Musaned, mtandao wa serikali ya Saudia wa kuajiri wa majumbani, utafuteni kwenye simu yake ya zamani au kwa ajenti. Voisi zake za WhatsApp msizifute hata moja. Andikeni tarehe na saa ya kila moja.

Halafu mjue yuko mahali pa namna gani, maana kila mahali pana njia yake. Kituo cha polisi ni pa siku za mwanzo. Tarhil ni kizuizi cha watu wanaosubiri kurudishwa kwao. Huko mara nyingi hakuna kesi, kinachokosekana ni hati ya safari, tiketi, au bosi kumaliza upande wake. Sijn ni gereza lenyewe, na hapo kuna shitaka: anahitaji wakili na mkalimani. Akipata simu ya dakika moja, msilie naye dakika yote. Mwulizeni: uko tarhil au sijn? Mji gani? Kuna karatasi uliyotia kidole? Ilikuwa ya lugha gani?

Na mwambieni aombe ubalozi kwa mdomo wake. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli inasema mgeni akikamatwa, na akiomba, wakuu wa nchi ile wawajulishe maofisa wa nchi yake bila kuchelewa. Neno "akiomba" ndilo linalowaponza dada zetu, kwa sababu hakuna anayewaambia kwamba wanaweza kuomba. Kwa Kiarabu cha kule: "Abgha sifarat Uganda," yaani nataka ubalozi wa Uganda. Mfundisheni kila binti anayeondoka, pamoja na namba ya simu ya nyumbani aijue kwa kichwa.

Ninyi wenyewe uandikieni ubalozi wetu Riyadh, siyo kupiga simu tu. Saa zao ni sawa na zetu, lakini wiki ya kazi Saudia ni Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa mtapiga bure. Barua iwe ukurasa mmoja. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni karibu kilomita 950, na ofisa aliyeandikiwa "mtoto wetu anateseka huko" hana pa kuanzia. Mwenye namba ya iqama na jina la kafili anapo.

Huku nyumbani, nendeni kwa kampuni iliyompeleka mkiwa na nakala, na mrudi na nakala iliyopigwa muhuri kuonyesha wamepokea. Kampuni yenye leseni inasimamiwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na huwa imeweka dhamana benki. Wakizungusha, pelekeni barua ile ile wizarani. Kama alipitishwa hapa kwetu Busia kwa basi la usiku akapandia ndege Nairobi, huenda hakuna kampuni ya kushika. Njia hiyo ilipata nguvu Uganda ilipopiga marufuku kwa muda kupeleka makadama mwaka 2016: wanawake hawakuacha kwenda, waliacha tu kuonekana kwenye vitabu. Hapo ni polisi, na mtaje Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2009. Kosa hilo adhabu yake inafika miaka 15. Msiogope kwamba binti atashitakiwa yeye. Yeye ndiye aliyeuzwa.

Kuna jambo la kusemwa taratibu. Saudia, mimba nje ya ndoa inaweza kugeuzwa kesi ya zinaa, hata kama mwanamke alibakwa na mwenye nyumba. Falme za Kiarabu zililegeza sheria hiyo mwaka 2021, ila mume au mlezi bado anaweza kushitaki. Kwa hiyo, kama ana mimba au mtoto, msiandike habari hiyo kwenye simu yake, msiitume kwenye kundi la familia, msimwulize baba ni nani. Mwambieni ofisa wa ubalozi peke yake, na muombe awe mwanamke. Mtoto naye atahitaji karatasi zake ili apande ndege.

Watapiga simu watu wanaodai wanamjua askari wa tarhil. Msitume pesa.

Watoto wake waliobaki hapa wahitaji mtu mmoja wa kuwaambia ukweli, kwa maneno yao. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliita jambo hili mnyororo wa malezi mwaka 2000: mama analea mtoto wa Riyadh, bibi analea wa kwake, na shamba la bibi linakosa mikono. Mama akifungwa, mnyororo wote unakazwa, na anayebeba ni bibi. Mpangieni chakula na ada kwenye kikundi cha akiba kabla hajaomba.

Akitua Entebbe, msiulize pesa wala mizigo. Wengi hushuka na nguo walizokamatwa nazo. Mpelekeni hospitali kwanza, na ripoti ya daktari itolewe kwa maandishi. Akishapumzika na akakubali, mkae naye aandike: siku aliyoingia, miezi aliyolipwa, miezi ambayo hakulipwa, nani alishika paspoti. Hayo ndiyo madai ya mshahara yatakayopelekwa wizarani, na kama alipewa nafasi ya kutia saini wakala (hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka) kule ubalozini ili haki yake idaiwe baada ya kuondoka, karatasi hiyo iambatanishwe. Toeni nakala tatu. Moja ikae kwa jirani mnayemwamini, maana simu huibiwa.