Namna ya kuyasoma majibu ya jeni ya mgonjwa wa skizofrenia

Mkipewa karatasi inayosema kwamba mgonjwa wenu ana badiliko katika jeni ya DRD2, msiipokee kama hukumu. Jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha D2, mlango ambao seli ya ubongo huutumia kupokea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, na dawa nyingi za skizofrenia, zikiwemo haloperidoli na risperidoni, hufanya kazi kwa kuuziba mlango huo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 uliihusisha DRD2 na ugonjwa huu, lakini ilikuwa katika sehemu moja tu kati ya 108 za vinasaba zilizohusishwa nao, na nyingi kati ya hizo huongeza hatari kidogo sana. Kwa hiyo asilaumiwe mama wala baba.

Mgonjwa akikakamaa mwili kwa dozi ndogo ya risperidoni, ulizeni kuhusu jeni ya CYP2D6, inayoathiri kasi ya ini kuivunja dawa hiyo.

Ikiwa dawa mbili zimetumiwa ipasavyo, kila moja kwa takriban wiki 6, bila nafuu ya kutosha, ombeni daktari aifikirie dawa ya klozapini. Hapa ndipo familia za Kiafrika zinapohitaji kuwa macho zaidi. Klozapini inaweza kushusha nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na ndiyo sababu damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo. Lakini Waafrika wengi wamerithi badiliko la kipokezi cha Duffy, kilichoko kwenye chembe nyekundu za damu, na kutokana nalo nyutrofili zao huwa chache bila ugonjwa wowote. Inaniuma kwamba mtu anaweza kunyimwa dawa inayomfaa kwa sababu hiyo tu.

Kwenye karatasi ya maabara tafuteni mstari wa NEUT (nyutrofili) wenye idadi, si wa asilimia. Ukisoma 1.2, maana yake ni 1,200 kwa mikrolita. Kiwango cha kawaida cha kuanzia klozapini ni 1,500, ila mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 unaruhusu kuanzia 1,000 kwa wenye upungufu huo wa kurithi, baada ya vipimo visivyopungua viwili. Mwombeni daktari alipime badiliko hilo la Duffy kabla ya kusema dawa haimfai. Dawa ikishaanza, homa au maumivu ya koo yasisubiri kesho: mpelekeni akapimwe damu siku hiyo hiyo.